Nilivyojifunza Ulinzi wa Mitandao Nikiwa Mama wa Watoto Watatu

Akina mama wenzangu, tangu nianze kazi hii ya ufundi wa ulinzi wa mitandao ya kompyuta, maswali ninayoulizwa kwenye daladala na tunapotoka kanisani ni yale yale. Umri ulikuruhusu? Hesabu uliziwezaje? Baba watoto alisemaje? Na lipo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, tena baada ya muulizaji kutazama nyuma: je, unaweza kuingia kwenye simu ya mtu? Nimeona niyajibu hapa yote, kwa kuwa najua wako wengine wanaotamani kuuliza lakini hawajanifikia.

Mimi ni mkazi wa Kihonda, Morogoro. Nilipoanza mafunzo nilikuwa na miaka 38. Mtoto wangu mkubwa, Eliya, alikuwa kidato cha pili na mdogo ndiyo kwanza anaingia darasa la kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa stoo kwa miaka 9, kazi ya kuhesabu mizigo na kujaza daftari. Kompyuta niliijua kwa kuandikia barua na kupangia majedwali, basi.

Kilichonipeleka darasani ni fedheha iliyompata mwenzetu. Tulikuwa na kikundi cha akina mama 22 cha kuweka na kukopa, na fedha tulizitunza kwenye simu ya mweka hazina. Nitamwita Mama Tumaini, ingawa hilo si jina lake. Ijumaa moja jioni, mwaka 2021, simu yake ilikosa mtandao. Alidhani ni mnara umezima. Jumamosi ikawa vile vile, na Jumapili. Jumatatu alipokwenda kurudishiwa laini yake alikuta salio la shilingi 412. Zilikuwemo zaidi ya milioni tatu na nusu, na mgawo wa mwisho wa mwaka ulibaki wiki tano tu.

Kilichofuata mnaweza kukikisia wenyewe. Wengine walisema mumewe amenunua bati. Wengine walisema alikuwa na madeni. Hakuna aliyemwambia usoni, lakini akifika kisimani maongezi yanakatika. Akaacha kwaya. Ada ya binti yake wa sekondari ilikuwa imo katika fedha hizo hizo zilizopotea, jambo ambalo hakuna aliyelitaja.

Mimi miaka yangu ya stoo ilikuwa imenifundisha jambo moja: mzigo ukipungua, upo mlango ulikopitia. Nilitaka kuujua mlango huo. Nikauliza kwa mawakala, nikauliza kwa vijana wanaotengeneza simu pale Msamvu, kila mmoja akanipa jibu lake. Kijana mmoja ndiye aliyeniambia, "Mama, mambo haya yanasomewa." Akanitajia chuo hapa mjini chenye kozi ya jioni ya mitandao na ulinzi wake.

Nyumbani kwetu fedha za ada hazikuwa zimekaa zikinisubiri. Zilikuwepo za kupiga lipu. Nyumba yetu tulihamia ikiwa matofali matupu, na kila masika upande wa magharibi ulikuwa unapitisha unyevu hadi kwenye kitanda cha watoto. Baba Eliya alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza siku mbili, kisha akaniuliza, "Mama Eliya, ukimaliza utaajiriwa na nani?" Sikuwa na jibu la kumpa, nami sikumtungia. Nilimwambia kwamba stoo wameshaanza kupunguza watu, na kwamba ukuta ukingoja mwaka mmoja hautaanguka. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kulipa awamu ya kwanza. Mama mkwe alipokuja Desemba akautazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Haya mwanangu, soma." Alivyolisema hilo neno soma, nadhani mnaelewa.

Darasani tulikuwa 19, na wanaofuatana nami kwa umri walikuwa wamenipungukia miaka 12. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa miaka 27. Kila jioni alinipa shikamoo kwanza, kisha akanipa maksi bila huruma yoyote.

Nianze na hesabu, kwa kuwa ndizo zinazowatisha wengi. Zipo, lakini si za kuogopesha. Utajifunza kuhesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na kuigawa mitandao katika mafungu. Mtu aliyewahi kugawa kilo 90 za mchele wa msiba kwa familia zisizolingana ataziweza. Lugha ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa maana vitabu vyote ni vya Kiingereza. Nilinunua daftari, nikawa naandika kila neno jipya na maana yake kwa maneno ya nyumbani kwangu. Daftari hilo ndilo lililoniokoa, wala sioni aibu kusema hivyo.

Kwa mfano, kompyuta mbili zikitaka kuzungumza kwenye mtandao hazianzi kupayuka tu. Ya kwanza hutuma ujumbe mfupi wa kubisha. Ya pili hujibu kwamba imesikia na iko tayari. Ya kwanza hujibu tena, ndipo mazungumzo huanza. Kwenye daftari langu niliandika: hodi, karibu, nimekaribia. Na liko shambulio ambalo mtu hubisha hodi elfu kwa elfu bila kuingia hata mara moja, mpaka mwenye nyumba anachoka kushika mlango na wageni wa kweli wanakosa nafasi. Nilipoliandika kwa namna hiyo sikulisahau tena.

Kompyuta moja ina milango zaidi ya 65,000 ya namna hiyo, na kila mmoja una namba yake. Mlango 443 hupitisha kurasa za intaneti zilizofungwa kwa siri. Mlango 22 hutumiwa na mafundi kuingia kwenye seva wakiwa mbali. Mlango 3389 humwezesha mtu aliye nyumbani kuitumia kompyuta ya ofisini kana kwamba ameketi mbele yake. Sehemu kubwa ya kazi ya fundi ni kuzunguka na kuuliza: huu umefunguliwa na nani, na kwa sababu gani?

Jingine lililonifurahisha ni namna maneno ya siri yanavyotunzwa. Mfumo uliotengenezwa vizuri hauliweki neno lako la siri kama ulivyoliandika. Hulisaga kwa kanuni maalumu likawa mfuatano wa herufi na tarakimu usiofanana nalo kabisa, na huo mfuatano ndio unaohifadhiwa. Kanuni iitwayo SHA-256 hutoa daima alama 64, uwe umesaga neno moja au kitabu kizima. Kutoka kwenye hizo alama huwezi kurudi kwenye neno, kama usivyoweza kuirudisha ugali ikawa unga. Ukitaka kuingia, mfumo husaga tena ulichoandika na kulinganisha. Na kwa kuwa watu wengi huchagua maneno yanayofanana, mafundi huongeza kitu kidogo tofauti kwa kila mtu kabla ya kusaga. Mwajua kitu hicho kinaitwaje? Chumvi! Ndilo jina lake hasa huko Kiingereza. Darasa zima lilinigeukia mimi, ati nieleze mambo ya jikoni.

Mwalimu alipenda pia kutupa habari za mambo yaliyotokea. Iliyonigusa kuliko zote ni ya Clifford Stoll, mtaalamu wa elimu ya nyota aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Lawrence Berkeley, huko California. Mwaka 1986 wakubwa wake walimpa kazi ndogo: hesabu za matumizi ya kompyuta zilikuwa na tofauti ya senti 75 za Marekani. Senti 75! Mtu mwingine angezifidia mfukoni mwake akaendelea na shughuli nyingine. Yeye alizifuata, akagundua kuwa yupo mtu anayetumia kompyuta za maabara bila kulipa, akamfuatilia kwa miezi, mpaka akamfikia kijana wa Kijerumani, Markus Hess, aliyekuwa akiiba habari za kijeshi za Marekani na kuziuza kwa idara ya ujasusi ya Urusi ya wakati ule, KGB. Hess alihukumiwa mwaka 1990. Mimi niliyewahi kukesha stoo nikitafuta katoni mbili zilizokosekana, niliona hapa nimefika kwetu.

Habari ya pili ni ya tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150. Ilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani na kuahirisha operesheni. Sasa sikilizeni: kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu hilo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa wameweka kiraka hicho tundu lao lilikuwa limezibwa. Vijana darasani walitaka kujua programu ile iliandikwaje. Mimi nilikaa nikiwafikiria wale wagonjwa, na mtu fulani ambaye kazi yake ilikuwa kubonyeza kitufe cha kusasisha.

Kwa maana ufundi huu, tofauti na unavyoonyeshwa kwenye sinema, kwa sehemu kubwa ni usafi wa nyumba. Kusasisha programu. Kufuta akaunti ya aliyeacha kazi. Kutunza nakala tatu za kila kitu muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili, na nakala moja ikae mbali na jengo. Kusoma kumbukumbu za matukio, mistari kwa mistari, nani aliingia, saa ngapi, kutoka wapi. Anayechoka upesi na kazi isiyoonekana asijisumbue. Lakini ni mama gani asiyeizoea kazi isiyoonekana?

Sasa lile swali la sauti ya chini. Ndiyo, tulifundishwa namna wezi wanavyoingia, kwa kuwa huwezi kulinda usichokijua. Lakini siku ya kwanza kabisa, kabla hatujagusa chombo, mwalimu alitusomea Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kuingia katika kifaa au mfumo wa mtu mwingine bila idhini ni kosa lenye faini au kifungo, au vyote viwili, hata kama hukuchukua kitu. Mazoezi yetu yote tuliyafanya kwenye kompyuta zetu wenyewe, au kwa mtu aliyetupa ruhusa kwa maandishi. Kijana mmoja aliyefungua intaneti ya jirani yake kwa kujaribu tu alitolewa darasani, na ada hakurudishiwa.

Hata hivyo, mwezi wa nne haujaisha, mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia saa mbili usiku. Alikuwa na simu ya mumewe ndani ya kanga. Mume alikuwa anaoga. "Mama Eliya, dada yangu, nifungulie tu nione jina moja." Mikono ilikuwa inamtetemeka. Nilimkalisha, nikamwekea chai, nikamwambia siwezi. Alilia, akaniambia basi nimesoma kwa faida gani. Neno hilo lilinichoma. Lakini nilijua kwamba ningeifungua simu ile, kesho yake ningekuwa mtu wa kufungua simu mtaa mzima, na ofisi gani ingenikabidhi funguo zake? Tuliongea mpaka saa nne, si kuhusu simu bali kuhusu nyumba yake. Wiki iliyofuata nilimsindikiza kwa mzee wa kanisa na mkewe waliowafungisha ndoa. Yaliyozungumzwa huko ni yao.

Ratiba ilikuwa hivi. Kazini hadi saa kumi, darasani saa kumi na moja hadi saa mbili, nyumbani kupika au kukuta Eliya amepika, watoto kulala, halafu kompyuta mpaka saa sita. Nilinunua kompyuta ya mkononi iliyotumika, nikaongezewa kumbukumbu ifike gigabaiti 8, kwa kuwa mazoezi yanataka kuendesha kompyuta za kufikirika mbili tatu ndani ya ile moja. Bila hivyo inakwama. Jumapili sikufungua daftari. Hilo tulikubaliana na Baba Eliya tangu mwanzo. Mwezi wa saba mtoto wa mwisho aliugua malaria, nikakosa wiki mbili. Vijana wale, ambao kwa sasa walikuwa wananiita Mama Mkubwa, walinipigia picha maandishi yote ubaoni.

Ilikuwa katika somo la mitandao ya simu ndipo niliupata mlango niliokuwa nikiutafuta. Namba yako ya simu, mama mwenzangu, haikai ndani ya simu wala ndani ya kile kikadi kidogo. Inakaa kwenye daftari la kampuni ya simu, mstari unaosema: namba hii inaitikiwa na kikadi hiki. Mtu akifanikiwa kujifanya wewe, akasema laini imepotea na akapewa kikadi kipya, mstari unabadilishwa, na kikadi chako kinakufa papo hapo. Dalili yake ni simu kukosa mtandao ghafla wakati ya jirani wa laini ile ile inashika.

Nilimwendea Mama Tumaini usiku ule ule. Tukaomba taarifa ya miamala kwa maandishi. Fedha zilitoka kwa mafungu sita, la kwanza saa 2:17 usiku. Jioni hiyo, tangu saa kumi na mbili, yeye alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na watu watatu walikumbuka alivyoomba simu ya kumpigia mumewe kwa kuwa yake haikuwa na mtandao. Simu isiyo na mtandao haiwezi kutuma fedha. Aliyezituma alikuwa na kikadi kingine mkononi. Na namba ya siri? Wiki moja kabla alipigiwa na mtu aliyejiita mhudumu wa wateja, akimtaka "ahakiki usajili." Hakuombwa namba ya siri, ndiyo maana hakushtuka. Aliulizwa majina kamili, namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa na mtu wa mwisho aliyemtumia fedha. Hayo ndiyo anayoulizwa mtu anayedai amesahau namba yake ya siri.

Niliyaeleza haya mbele ya kikundi, nikichora ubaoni. Wengine walisimama wakamkumbatia. Wawili waliondoka kabla sijamaliza, na hadi leo hawamsalimii. Fedha hazikurudi. Kwaya alirudi baada ya miezi mingine mitatu, akakaa mstari wa nyuma. Kikundi sasa kinatumia akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, nasi tulikubaliana kuchangia ada ya binti yake kwa muhula mmoja.

Kuhusu ajira, nisiwadanganye kama matangazo yanavyodanganya. Cheti hakikuleta kazi kikiwa peke yake. Nilifanya mafunzo kwa vitendo miezi minne bila mshahara, nauli tu, katika ofisi moja hapa Morogoro. Huko, wiki ya sita, nikisoma kumbukumbu za matukio, niliona namba 4625 imejaa ukurasa baada ya ukurasa. Namba hiyo kwenye kompyuta za Windows maana yake ni mtu ameshindwa kuingia. Zilikuwa zaidi ya mara 300 kati ya saa nane na saa tisa usiku, zote kwa jina la dada mmoja wa uhasibu. Fundi mwenzangu alisema labda amesahau neno la siri. Nikamwambia dada huyo yuko likizo ya uzazi. Tulimchangia vitenge na sabuni juma lililopita, mtoto ana siku nane. Tukatazama. Mlango 3389 ulikuwa wazi kwa dunia nzima, na mtu kutoka nje ya nchi alikuwa anabahatisha. Tuliufunga kabla hajafaulu. Mkataba wangu wa mwaka mmoja ulitoka mwezi uliofuata, mshahara ukiwa umezidi kidogo tu ule wa stoo.

Mtihani wa kimataifa wa Security+ niliufanya baadaye, baada ya kuweka akiba kwa mwaka mzima, kwani ada yake inazidi dola 400. Ni maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo kinachoishia 900. Nilipata 771. Cheti hudumu miaka mitatu, kisha unatakiwa kuonyesha kwamba hukulala.

Anayetaka kuanza asikimbilie kulipa. Cisco wana masomo ya mwanzo ya bure kwenye intaneti, katika mpango wao wa elimu ulioanza mwaka 1997. Yasome miezi miwili uone kama moyo unapenda. Soma mitandao kwanza, ulinzi baadaye. Na wewe usiyetaka kusoma lolote, leo jioni piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukipata ujumbe wa tapeli tuma namba yake kwenda 15040. Ukipigiwa na mhudumu, kata, kisha piga mwenyewe namba ya kampuni.

Lipu tulianza Agosti iliyopita. Upande wa magharibi umekwisha. Vyumba vya mbele bado.